Tupeane uzoefu: kusawazisha nyasi za uani wakati mwili una maradhi

MkaaziLangata

Hamjambo nyote. Mvua za vuli hizo zinakaribia, na najua wengi tunaangalia nyasi za uani zilivyojaa mabonde na vipara tukiwaza pa kuanzia. Maelezo ya kutengeneza nyasi yapo tele, ila yote yameandikiwa mtu mzima wa afya, anayeweza kuinama kutwa. Leo naomba tuongee sisi wenye kliniki na vidonge. Umefanyaje, umeacha nini, nani alikusaidia.

Nianze mimi. Nina baridi yabisi, ile inayoshika viungo vya pande zote mbili: vidole, vifundo vya mikono, magoti. Asubuhi mikono haikunjiki mpaka kama saa nne. Naishi Lang'ata, Nairobi, kwenye udongo mweusi wa kunata. Mwenye udongo huu anaujua: ukinywa maji unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza kidole gumba. Uwanja haukai mahali pamoja. Juu ya hayo, palichimbwa mtaro wa bomba la maji, ukafukiwa haraka, na msimu uliofuata udongo ukadidimia, ukaacha bonde refu kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye kamba ya nguo. Mama mkwe wangu anatembea na mkongojo na hupita hapo kila siku. Hilo ndilo lililonifanya nianze. Uzuri wa nyasi nilikuwa nimeshaufuta moyoni.

Kwenye mabonde madogo nachanganya mchanga wa mto na mboji iliyochekechwa, natandaza juu ya nyasi zilizokatwa chini, unene wa sentimita moja, moja na nusu ikizidi sana. Ncha za nyasi lazima zionekane. Nasubiri zipenye na kufunika tena, ndipo narudia. Nyasi hazitaki zaidi ya hapo kwa mara moja, hata ukiwa na vijana kumi wa nguvu, maana ukizizika zinakosa mwanga na kufa. Nilipoelewa hivyo nilipumua. Mwendo wangu mimi, wa kipande kidogo halafu kupumzika, ndio mwendo ambao nyasi zenyewe zinaudai.

Bonde la mtaro lilikuwa na kina, kwa hivyo kutandaza juu kusingetosha. Kijana wa jirani alikata nyasi kwa sepetu kwa umbo la herufi H, akazifunua kushoto na kulia na mizizi yake, akajaza udongo, akaukanyaga, akamwagilia, akaongeza mpaka ukazidi usawa kidogo kwa sababu lazima ungeshuka, halafu akazirudisha. Ndani ya mvua hiyo hiyo mkato haukuonekana tena.

Kwa wenzangu wa udongo mweusi, wakati mzuri ni baada ya mvua za kwanza. Kiangazi mchanga wote unamezwa na nyufa. Mvua zikikolea udongo unang'ang'ania viatu na sepetu, na viungo vyangu haviwezi vita hivyo.

Dawa yangu ni methotrexate, ya mara moja kwa wiki. Siku ya dawa na kesho yake sigusi kazi, uchovu wake ni mzito. Dawa hii pia hupunguza kinga ya mwili, kwa hivyo bila glavu sishiki udongo, na mkwaruzo wowote nauosha papo hapo. Mipini ya reki na jembe nimeizungushia tyubu kuukuu ya baiskeli ili iwe minene. Mpini mwembamba unalazimisha vidole kukunjika sana, na maumivu yanaanzia hapo.

Karibuni.

BabuWaBuruburu

Asante sana mama kwa kutufungulia mlango.

Mimi ni mstaafu, mwenye sukari ya miaka mingi, natumia insulini. Uwanja wangu ni mdogo kama zilivyo nyumba za huku, lakini chini yake wajenzi walifukia kila kitu: vipande vya vioo, waya, misumari, vigae. Miguu yangu imekufa ganzi kuanzia vifundoni. Msumari ukiingia sitausikia, na mguu wa mwenye sukari ukipata kidonda kisichojulikana, mambo yanaweza kuishia kwenye kukatwa. Nasema wazi kwa sababu nimewaona wenzangu kliniki.

Basi sheria yangu ya kwanza ni viatu. Sandali hazikanyagi uwanja wangu hata kwa kwenda kuanua nguo. Navaa gambuti na soksi, na kabla ya kuzivaa nazipindua na kuzikung'uta, maana changarawe moja ndani inatosha kunichubua. Jioni naosha miguu, naikausha mpaka katikati ya vidole, halafu mjukuu wangu anakagua nyayo. Asipokuwepo natumia kioo kilicholala sakafuni.

Ya pili ni sukari yenyewe. Kazi ya jembe inaishusha, na inaweza kushuka saa nyingi baadaye, usiku umelala. Napima kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L) nakula kwanza. Nikihisi jasho la baridi au mtetemeko nakaa hapo hapo nilipo na kupima. Ikiwa chini ya 4 nakunywa kinywaji chenye sukari, nasubiri robo saa, napima tena. Chupa hiyo iko uani nami, si jikoni. Usiku wa siku ya kazi napima kabla ya kulala. Haya nilipewa na daktari wangu, nawe muulize wako, dawa zetu hazifanani.

Kuhusu nyasi, nilipanda nyasi za Pemba upande wa ukuta wenye kivuli, kwa kuwa zile za Kikuyu zilikataa kabisa pale. Jani lake ni pana na linastahimili kivuli. Vipande vyenye mizizi nilinunua kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Ngong, nikavipanda mvua za masika zilipoanza. Sina zaidi.

PumuNaNyasi

Yangu ni mafupi. Nina pumu, na kinachonimaliza ni kukata nyasi na mchanga mkavu. Nyasi zinakatwa mimi nikiwa ndani, madirisha yamefungwa, na natoka zikiwa zimezolewa. Shida ya mchanga ni kwamba ukiwa mkavu ndio unaopenya vizuri kati ya nyasi, na ukiloweshwa unagandamana. Kwa hivyo kutandaza nimemwachia ndugu yangu, anavaa barakoa. Mimi nashika mpira wa maji mwishoni, vumbi likishatulia. Inhela ya bluu iko mfukoni muda wote.

FundiWaUkoka

Nimefanya kazi ya nyasi Runda, Karen, Syokimau na huku kwetu Embakasi, na mgongo wangu ulishikwa na diski kwa kubeba mawe. Nilikaa nje ya kazi muda mrefu. Naomba niseme kama fundi na kama mgonjwa.

Kwanza neno kusawazisha. Wateja wengi wanataka uwanja uwe bapa kama meza, halafu mvua ya Aprili inasimama kwenye msingi wa nyumba. Uwanja lazima uteremke kutoka ukutani kwenda nje, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Hutauona mteremko huo kwa macho wala hutausikia mguuni, ila maji yanaujua. Kuupima si lazima mashine. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, utoe mapovu yote. Maji kwenye ncha mbili yatasimama usawa mmoja hata zikiwa pembe tofauti za ploti. Weka alama kwenye vigingi, funga kamba, halafu shusha kamba kulingana na mteremko unaoutaka. Kazi hii mgonjwa anaweza kuifanya akiwa ameketi, mwingine akishika ncha ya pili.

Pili, udongo. Mwekundu wa upande wa Runda hupitisha maji vizuri na ukishatulia umetulia. Mweusi wa Embakasi na Syokimau utacheza kila mwaka, kwa hivyo usitoe pesa zote ukitarajia kumaliza mara moja. Panga kurudia kidogo kila msimu. Na usikubali kuuziwa vumbi la mawe la machimboni badala ya mchanga wa mto. Linashikana likawa gumu na mizizi inashindwa.

Tatu, jambo ambalo watu hawaliangalii: nyasi za Kikuyu zikiachwa miaka zinajijengea godoro la mashina makavu juu ya udongo. Udongo chini unaweza kuwa sawa kabisa na mtu bado anajikwaa, kwa sababu mguu unazama na vidole vinanaswa. Ukiwa na mgonjwa wa miguu nyumbani, punguza godoro hilo kwa reki wakati wa mvua kabla ya kumwaga mchanga wowote. Nyasi zitaonekana zimekufa, lakini zina mashina yanayotambaa juu na chini ya udongo, zitarudi. Hizi ni za nyanda zetu hizi hizi, zimezoea kuliwa na ng'ombe.

Kwa wenye mgongo: wilbaro isijazwe zaidi ya nusu. Piga goti moja badala ya kuinama. Mchanga nausambaza kwa ubao mrefu uliofungwa kamba pande mbili. Kamba napitisha kiunoni natembea, ubao unakuja nyuma ukikwangua penye kilima na kujaza penye bonde. Naamini ubao huo ndio ulionirudisha kazini.

KasaraniMmoja

Poleni na maradhi. Lakini si mngeweka kabro tu, yale matofali ya zege ya kutandika chini, muachane na haya yote? Mgonjwa anatembea pakavu, hakuna kukata wala kumwagilia.

MamaWaSouthC

Ndugu wa Kasarani, nakuelewa, maana hata wanangu walisema hivyo. Ngoja nikueleze.

Mume wangu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ni mzito na mguu wa kulia hauinuki upande wa vidole, anauburuta. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia kwetu yaliacha matope uwanja mzima, maji yenyewe yakiwa yamechanganyika na ya choo. Kwa muda hatukumruhusu kutoka. Vijana walizoa wakiwa na gambuti na glavu, tukaacha jua likaushe. Penye tope jembamba nyasi zilipenya zenyewe. Penye tope nene zilioza, tope likakauka likawa magamba na makali ya kunasa mguu.

Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa amemwambia atembee kila siku, naye hataki kutoka. Alianguka mara moja kwenye kizingiti na hofu ikamwingia. Nikaona siwezi kutengeneza uwanja wote na kumuuguza pia. Nikachagua ukanda mmoja, kutoka mlangoni hadi kwenye lango, upana wa watu wawili kwenda bega kwa bega, mimi nikiwa upande wake dhaifu. Wote waliokuja kusaidia niliwaambia ukanda kwanza, kwingine baadaye. Tulikwangua magamba, tukajaza mchanga na mboji, tukapanda vipande vya nyasi karibu karibu, tukaweka kamba pembeni asikanyage mpaka zishike. Siku hizo alikuwa akiketi mlangoni kuzitazama, na mara nikamsikia akiwaelekeza vijana wapi pamebaki shimo. Sauti yake ilikuwa bado nzito, lakini alikuwa anaelekeza. Mwenye kuuguza atajua nilisikiaje.

Sasa kabro. Tumeweka pale gari linapoegeshwa. Lakini kwenye udongo mweusi, kabro isiyochimbiwa msingi mzuri nayo hunyanyuka, tofali moja juu jingine chini, na ukingo wa tofali ni mbaya kuliko bonde la nyasi kwa mtu anayeburuta mguu. Halafu ameanguka tena tangu hapo. Alianguka kwenye nyasi, tukamwinua, tukanywa chai. Kwenye kabro sijui tungekuwa tunaongea nini leo.

Fundi, hilo la godoro sikulijua. Kesho nitashika reki.

KasaraniMmoja

Nimekuelewa mama. Mungu azidi kumpa nguvu mzee.

KahawaWest_Figo

Figo zangu zimeshindwa, nasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na nilidhani habari za nyasi nimeziaga. Nimesoma hapa nikaona niandike yangu.

Siku ya mashine siwezi chochote, nikitoka huko nalala. Siku inayofuata ndiyo ninayojisikia vizuri, basi kazi ya uani naiweka hapo, alfajiri. Kwetu kiasi cha maji ya kunywa kimepimwa, huwezi kufanya kazi juani ukajimwagia maji tumboni kama wengine, kwa hivyo jua likipanda mimi niko ndani. Mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, haubebi kitu kizito, haukazwi kamba, hauvuti. Ubao wa fundi ninaweza kuuvuta kwa kiuno, na nimefurahi kuusikia. Mchanga nauhamisha kwa kopo la plastiki la kilo mbili na mkono mmoja, kipande ninachokifikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Kikijaa nahamisha kigoda.

Swali kwa fundi: upande wa tangi la maji pana shimo la kina cha kiganja hivi, na nyasi zake zimeshakufa. Nikate ile H au nijaze tu?

FundiWaUkoka

Kama nyasi zimeshakufa, H haina faida. Lakini kwanza angalia kama tangi au bomba halivuji, maana shimo kando ya tangi mara nyingi linatoka hapo, na ukijaza bila kuziba litarudi. Ukishahakikisha, legeza udongo wa chini, jaza kwa matabaka, kila tabaka limwagiliwe na likanyagwe na mtu mwingine, si wewe. Malizia na mboji, panda vipande mvua zikianza. Uko Kahawa West, nami wiki ijayo nina kazi upande huo. Nitakuja na mpira wa kupimia, wewe utashika ncha moja kwa mkono usio na fistula.

KahawaWest_Figo

Njoo siku yoyote isipokuwa Jumanne na Ijumaa. Hizo ni za mashine.