Ufizi unatoka damu, mtoto anaoza meno: mama wa Goma, tupeane uzoefu

Mama Neema, Ndosho
Hodi wapendwa. Mimba yangu ina miezi sita, ni ya tatu. Tangu mwezi wa nne, nikipiga mswaki povu linatoka jekundu. Jirani akaniambia bila hata kuangalia: "Mtoto anakula meno yako, kila mimba na jino lake." Mimi jino moja lilienda na mimba ya pili, basi nikaamini.

Juzi kwenye CPN (kliniki ya wajawazito) nikamuuliza mkunga. Akanisogeza dirishani, akaniambia nipanue mdomo. Anasema homoni za mimba zinafanya ufizi uvimbe na utoe damu upesi pale uchafu umeganda kwenye shina la jino. Mtoto hagusi meno ya mama. Chokaa ya mwili (kalsiamu) ikikosekana kwenye chakula, mtoto anaitoa kwenye mifupa ya mama. Kosa langu ni kwamba niliona damu nikauweka mswaki pembeni, uchafu ukazidi. Nyinyi mlipitia nini? Semeni hata ya aibu.

Mama Baraka, Katindo
Pole dada. Mimi kutapika ndiko kulinimaliza. Nikitapika tu, mbio kwenye mswaki, nasugua kwa nguvu uchungu utoke. Kufika miezi saba, maji baridi yakigusa meno ya mbele nashika ukuta. Kumbe asidi ya tumbo inalainisha gamba la jino, na ukisugua hapo hapo unaliparua. Mimba hii nasukutua kikombe cha maji chenye kijiko cha chai cha bikabonati, nangoja saa nzima ndipo mswaki. Na zile bomboni (pipi) za tangawizi nilizonyonya kutwa kwa ajili ya kichefuchefu nimeziacha, maana zilinitoboa magego mawili.

Fundi wa Birere
Baba tunaruhusiwa? Mke wangu alivimba shavu akiwa na mimba ya miezi mitano. Nikaenda duka la dawa, nikasema tu "jino", nikapewa tetra (tetrasaikilini, antibayotiki). Hawakuniuliza ni ya nani, na mimi sikusema. Bahati shemeji yangu ni muuguzi, akazikuta mezani akazifungia. Tetra inaingia kwenye meno ya mtoto yanayojengwa tumboni, yanatoka ya njano au ya kijivu, na rangi hiyo haisuguliki. Mke wangu alitibiwa na muganga wa meno kwa sindano ya ganzi, na mimba haikudhurika. Mama Neema, hilo pengo lako lisikutishe kwenda.

Mama Mapacha, Himbi
Yangu ni ndefu, mnivumilie.

Nilizaa wawili, maziwa nikaona hayatoshi. Mmoja alilala nami kwenye ziwa, wa pili alilala na mdogo wangu, na ili anyamaze anapewa biberoni (chupa ya kunyonyea) ya chai ya maziwa yenye sukari. Usiku kucha chuchu ya biberoni iko mdomoni. Walipotimiza mwaka na nusu niliona kwa yule wa biberoni mstari mweupe kama chaki, kwenye meno ya juu, pale yanapogusa ufizi. Nikadhani ni maziwa yameganda. Nilifuta kwa kitambaa, haukutoka. Miezi michache tu, mstari ukawa kahawia, meno manne ya juu yakaanza kumeguka kama biskuti. Ya chini yalikuwa mazima, ulimi unayafunika wakati ananyonya. Nilikuwa nawaangalia wawili hao, tumbo moja, uji mmoja, mmoja anacheka na mwingine anaficha mdomo kwa kiganja.

Ule uji nao nilikuwa naumiminia vijiko vinne vya sukari. Siku hizi nanunua sambaza (dagaa wa ziwa Kivu) wakavu soko la Kituku, nawachambua mchanga, nawatwanga na mifupa yao mpaka unga, natia kijiko kwenye uji wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama). Baba yao alisema huo ni uji wa paka. Watoto wanamaliza sahani! Dawa ya meno napaka kiasi cha punje ya mchele, nasugua mwenyewe. Usiku, mtoto akiwa na kiu, ni maji matupu.

Mwalimu, Mugunga
Tusisahau maji yetu. Darasani kwangu wapo watoto wenye madoa ya kahawia meno yote, wenzao wanawaita wachafu, wakati wanapiga mswaki kuliko mimi. Maji ya mvua yakipita kwenye moshi wa volkeno ya Nyiragongo yanabeba floridi. Kidogo inaimarisha jino. Ikizidi wakati jino bado linajengwa chini ya ufizi, linatoka limeharibika rangi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, floridi inabaki, tena inakolea maji yakipungua sufuriani. Kwangu maji ya paa ni ya kufua. Ya kunywa mtoto nanunua kwa bidoni (dumu), na bei yake inaniuma kweli.

Mama Mkubwa, Majengo
Mjukuu wangu wa miezi mitano aliharisha, homa juu. Mama mmoja akampapasa ufizi, akasema ni meno ya plastiki, ibyinyo, yatolewe kwa kijiti cha chuma. Yale mavimbe meupe ni meno yenyewe yanasubiri zamu! Tulimpeleka kituo cha afya, akapewa maji ya chumvichumvi na zinki, akapona. Mtoto wa jirani alitolewa. Ana miaka kumi na mbili leo, pembeni pana pengo, chonge halikuota tena.

Mama Baraka, Katindo
Yesu wangu. Kwa chuma?

Mama Mkubwa, Majengo
Spoku ya baiskeli, mwanangu.

Mama Neema, Ndosho
Asanteni, nimesoma zote na mume wangu pembeni. Wiki ya pili sasa napiga mswaki laini asubuhi na usiku, damu au hapana. Sukre (soda) ya saa kumi nimeiacha, nakula ndizi na kipande cha fromaji (jibini) ya Masisi mfuko ukiruhusu. Jana povu lilitoka jeupe, na uwekundu kidogo upande wa kushoto. Nimemwonyesha jirani. Amesema tungoje nizae, ndipo tuhesabu.