Tupeane uzoefu: Ukinunua TV, unaigeuza nyuma au unaangalia kioo tu?

Mtoto wa Buza: Wakuu, jirani kashusha TV mpya, inchi 43, kioo kinang'aa hadi unajiona. Kugeuza nyuma: tundu la HDMI, lile la waya mmoja wa picha na sauti, ni moja! Ana king'amuzi, ana deki, dogo naye ana gemu. Tayari wanagombana nani achomoe. Wewe unaangalia tundu gani kabla hujalipa?

Binti Pangani: HDMI chini ya tatu sinunui. Nimemaliza.

Kamanda Kipepe: Tatu za nini? Siku hizi kila kitu kipo mtandaoni. Hela inayobaki ongeza inchi.

Binti Pangani: Bando unaninunulia wewe?

Mzee wa Banda: Mmenitonesha kidonda. Nina banda umiza, la kuonyeshea mpira, huku kwetu. Siku ya dabi, Simba na Yanga, nikatundika inchi 55 mpya. Muuzaji kaapa, "Hii ina kila kitu bosi." Watu hadi dirishani, jero jero nimeshakusanya. Picha safi, majani ya uwanja unayahesabu. Sauti sasa! Sabufa yangu ya zamani, inataka zile waya nyekundu na nyeupe. Napapasa nyuma ya TV, pa kutolea sauti ni kile kitundu cha optiko tu, kinachotoa sauti kwa mwanga, chenye taa nyekundu. Hata tundu la hedifoni hakuna. Spika zenyewe zinatazama ukutani, mtangazaji kama yuko ndani ya ndoo. Mmoja akapaza sauti, "Rudisha hela, tumekuja msibani?" Wakaanza kunyanyuka, mwingine kabeba na benchi! Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda. Akachukua nyekundu na nyeupe, akazichomeka nyuma ya king'amuzi chenyewe, pale kwenye AV, yale matundu ya rangi. HDMI ikabaki na picha, sauti ikatoka king'amuzi moja kwa moja hadi kwenye sabufa. Banda lililipuka kabla hata ya goli.

Chuma cha Tanga: Nani alishinda?

Mzee wa Banda: Tuongelee TV.

Chuma cha Tanga: Wa Jangwani huyo, Yanga, alifungwa.

Kamanda Kipepe: Jangwani gani? Anayekimbia matokeo ni wa Msimbazi, Simba.

Fundi Makapi: Acheni mpira. Mzee, kuna kiboksi cha kubadili optiko kuwa nyekundu na nyeupe, Kariakoo vipo. Ukifunga, kwenye mipangilio ya sauti ya TV chagua PCM, sauti ya kawaida isiyobanwa. Ukiiacha kwenye Dolby, sauti iliyobanwa, kiboksi kinaweza kisiielewe na usisikie kitu. Wenye sabufa ya HDMI, chomekeni kwenye tundu lililoandikwa ARC, mengine hayarudishi sauti. Na wenye deki: ukiona picha haina rangi, huenda waya wa njano uko kwenye tundu la kijani. Kwenye TV nyingi tundu hilo la kijani linatumika kwa kazi mbili, la AV na la waya tatu za picha. Bonyeza "Source" kwenye rimoti, chagua AV.

Mama Tausi: Kumbe! CD ya harusi yangu naiangalia nyeusi na nyeupe, fundi wa mtaani anataka nibadili kioo!!

Binti Pangani: Huyo mfukuze.

Kamanda Kipepe: Nunueni yenye T2 na S2 ndani, ving'amuzi mtupe. Chaneli zote bure.

Fundi Makapi: Zote? T2 ni ya antena, S2 ya dishi, na unapata zisizofungwa tu. Za kulipia zinataka king'amuzi chake.

Kamanda Kipepe: Wewe unauza ving'amuzi.

Fundi Makapi: Nauza magimbi.

Chuma cha Tanga: Mzee, yule wa benchi alilirudisha?