Mhadhiri kupunguziwa vipindi ili atafiti darasa lake: ada zetu zitumike hivyo?

Jiwe la Bismarck
Wakuu, salaam. Napendekeza vyuo vikuu vya hapa Mwanza, tuanze na SAUT ya Malimbe na CUHAS ya Bugando, vianzishe feloshipu za ufundishaji. Sisemi skolashipu ya kwenda Ulaya kuchukua shahada ya uzamivu. Mhadhiri abaki chuoni kwake, kwa mwaka mmoja apunguziwe nusu ya vipindi, apewe hela kidogo ya utafiti, na anachokitafiti kiwe darasa lake mwenyewe: wanafunzi wanakwama wapi, na nini kikibadilishwa wanaelewa.

Mwalimu wa shule ya msingi lazima apite chuo cha ualimu. Mhadhiri wa uhasibu au sheria mara nyingi anaingia darasani kwa nguvu ya GPA yake, anafundisha kama alivyofundishwa. Slaidi zinasomwa, madesa (notisi za kurithi) ya mwaka juzi yanazunguka kwa wapiga fotokopi, UE, mtihani wa mwisho wa semista, inafika. Ernest Boyer wa Carnegie Foundation huko Marekani aliandika tangu 1990 kwamba ufundishaji nao uhesabiwe kazi ya kisomi kama ugunduzi. Sisi tunangoja nini? Karibuni.

Dagaa Mchele
Mkuu, nani analipa? Hivyo vyuo viwili ni vya Baraza la Maaskofu Katoliki, na ada ndiyo inayoviendesha. Ule mradi wa serikali wa kuinua elimu ya juu, HEET, dola milioni 425 za Benki ya Dunia kuanzia 2021, ulilenga vyuo vya umma. Kwa hiyo mwaka wa nusu vipindi utalipwa na mzazi wa Sengerema aliyeuza ng'ombe.

Mama Buhongwa
Posho tu hizo. Semina hotelini, maji ya chupa, picha ya pamoja, cheti.

Mwalimu wa Takwimu
Mimi ni mhadhiri, chuo sitakitaja. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza. Kijana wa shule zetu za serikali amesoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba, kidato cha kwanza akageuziwa Kiingereza. Akifika kwangu kukokotoa wastani anajua, ila muulize huo wastani unamwambia nini kuhusu bei ya sangara pale soko la samaki la Mwaloni: kimya. Basi kuna semista niliwaacha wajadili kwa Kiswahili, wanne wanne, halafu kila mmoja aandike jibu lake kwa Kiingereza. Kelele zake! Mkuu wa idara alikuja kuchungulia mlangoni akidhani kuna mgomo.

Majibu niliyaona yana nafuu. Lakini siwezi kusimama mbele ya wenzangu nikasema ile njia ndiyo iliyosaidia. Sikuwa na kundi la kulinganisha, wala msahihishaji wa pili asiyejua karatasi ni ya nani, wala muda wa kukaa na walioshindwa niwaulize walipotelea wapi. Feloshipu ndiyo ingenipa hivyo vitatu. Suala la lugha ya kufundishia nchi nzima inalibishania miaka nenda rudi, kila mtu na hisia zake, wakati sisi wenye madarasa ndio tungeweza kulipima. Hatulipimi kwa sababu ratiba imejaa, na kwa sababu kupanda cheo ni machapisho ya fani yako. Andiko kuhusu namna unavyofundisha, kuna wajumbe wa kamati wanaliita insha.

Bugando Juu
Mwalimu, upande wa afya hili si geni. Taasisi ya FAIMER ya Philadelphia, Marekani, tangu 2001 inachukua walimu wa vyuo vya afya kutoka nchi kama zetu. Kila mmoja anakwenda na mradi wa kubadilisha jambo chuoni kwake, kisha anarudi kuutekeleza huku yuko kazini. Hakuna anayepumzika.

Na faida ipo, Dagaa. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Penye mihadhara mitupu walifeli kama asilimia 34, penye kuwashirikisha wanafunzi asilimia 22. Mzazi wako wa Sengerema hapo anaokoa ada ya kurudia somo.

Kiti cha Nyuma
Walimu shikamooni. Maiki ikizima sisi wa nyuma tunabaki kutazama midomo. Mimi sijadisko, yaani sijafukuzwa kwa kufeli, kwa sababu ya desa, lekcha haikunisaidia. Ila swali: akipunguziwa nusu, ile nusu nyingine anafundisha nani?

Dagaa Mchele
Bugando, takwimu nimezisoma. Sasa tazama Uingereza: feloshipu zao za kitaifa za ufundishaji walizianza 2000, kila mshindi pauni 50,000 za mradi. Miaka ikaenda, hela ikapungua, leo ni tuzo ya heshima tu. Tajiri kachoka, sisi je? Bora njia ya Carl Wieman, yule wa Nobel ya fizikia ya 2001. Kuanzia 2007 kule University of British Columbia, Kanada, aliweka ndani ya idara wataalamu wa kufundisha somo husika, wakaunda kozi upya pamoja na mwalimu. Hata mwalimu akihama, kozi inabaki.

Jiwe la Bismarck
Dagaa, njia hiyo naikubali, ila hao wataalamu Mwanza utawatoa wapi? Mwenye uzamivu akiripoti Jumatatu, Jumatano keshapewa kozi zake zote. Ndiyo maana naanza na watu wawili tu, mmoja Malimbe, mmoja Bugando, kwenye kozi inayoongoza kwa sapu, mitihani ya marudio. Matokeo yabandikwe hata yakiwa mabaya. Na kabla shilingi haijatoka, kamati ya vyeo iandike kwamba andiko la ufundishaji lina alama zake. Isipoandika, mimi niko na Mama Buhongwa.

Mama Buhongwa
Karibu kwangu, mwanangu. Kamati ikishaandika mniite.

Kiti cha Nyuma
Ile nusu nyingine bado hamjanijibu.