Chaneli ya solo inapotea bendi ikianza kupiga, nirekebishe wapi?

NyuziSita

Wakuu, habari zenu. Nina ampu ya gitaa ya valvu, wati 50, chaneli tatu: klini (sauti safi), kranchi (inakwaruza kidogo) na solo. Wiki tatu nimejifungia nayo chumbani nikitafuta sauti, kila chaneli nikiipa siku zake. Nikiwa peke yangu chaneli ya solo ni nzito, imeshiba, inanipa raha mpaka nasahau muda.

Juzi nikaipeleka mazoezini. Ilipofika zamu yangu nikakanyaga futiswichi, gitaa likapotea kabisa. Mpiga besi aligeuka akidhani waya umechomoka. Niliporudi klini, kila aliyekuwepo alishtuka kwa jinsi ilivyochoma masikio. Nikaongeza volyumu ya solo hadi mpiga dramu akanyoosha mkono kunisimamisha, na bado noti hazisikiki.

Mipangilio ya solo: geini (kiasi cha kukwaruza) saa kumi, besi saa nane, midi (sauti za kati) saa tatu, trebo (sauti za juu) saa tisa. Gitaa lina hambaka mbili, yaani vinasa sauti vya koili mbili mbili. Je, nibadilishe spika?

Kapo2

Usinunue kitu bado. Hiyo "midi saa tatu", mshale unatazama kulia au kushoto? Wengine wanaandika kwa saa za Kizungu.

NyuziSita

Kushoto. Nasoma saa zetu: nobu inaanza saa moja, katikati ni saa sita, mwisho saa kumi na moja.

Kapo2

Basi midi umeikata. Ipandishe, punguza geini, ujaribu tena.

DadaRithimu

Kapo2 amegusa penyewe, ila naomba nieleze kwa nini, maana tatizo hili lilinitesa mwaka mzima na sitaki likutese.

Chumbani ulikuwa ukipiga kwa sauti ya chini. Sikio la binadamu, sauti ikiwa ndogo, husikia besi na trebo kwa udhaifu. Fletcher na Munson walilipima jambo hilo na kuchapisha mikondo yao mwaka 1933. Kwa hiyo ukiwa nyumbani mkono unaongeza besi, unaongeza trebo, na midi inaonekana kama uchafu. Ukifika kwenye dramu unapandisha volyumu, sikio linakurudishia besi na trebo lenyewe, juu ya zile ulizokwisha kuzijaza.

Halafu angalia nani anakaa wapi. Uzi wako mnene, E wazi, ni hezi (mitetemo kwa sekunde) 82 hivi. E ya gitaa la besi ni 41. Ule uzito wa chini unaoupenda ni eneo la besi na dramu ya mguu, na hutashinda pale. Juu kabisa wapo matoazi. Gitaa lina makazi yake katikati, tuseme kuanzia hezi 400 hadi 3000, na hapo ndipo ulipopafunga.

Geini nayo. Valvu ya ECC83, ile ndogo ya hatua za mwanzo za ampu, ikisukumwa kupita uwezo wake inakata vilele vya mawimbi. Ule mgoto wa piki kwenye uzi unalala sawa na mwili wa noti. Klini haikatwi, kwa hiyo kila ukigusa uzi kinaruka kilele. Ndiyo sababu klini inachoma na solo inazama, ingawa chumbani ungeapa kwamba solo ndiyo yenye sauti kubwa.

Mimi napanga hivi, na napanga bendi ikiwa inapiga, si kabla. Naanza na klini. Naomba wenzangu wazungushe wimbo mmoja, napandisha mpaka kodi zangu (noti zinazopigwa pamoja) zisikike bila kumfunika mwimbaji. Hiyo ndiyo sakafu. Siigusi tena. Kisha kranchi: geini kwanza, kidogo kuliko ninavyotamani, halafu volyumu yake hadi nikikanyaga futiswichi huku na huku nisihisi kupanda wala kushuka. Solo inakuja mwisho, juu ya kranchi kwa kiasi kidogo tu.

Kwenye nobu za toni, kumbuka kwamba kwenye ampu nyingi za valvu hizo hazina nguvu ya kuongeza kitu, zinakata tu, tena zinavutana. Trebo ikiwa juu sana, besi na midi hazikutii kama kawaida. Kwa hiyo tuliza trebo kwanza, tafuta midi, ndipo besi. Pia fahamu kama toni za ampu yako ziko kabla ya distosheni (kule kukatwa kwa mawimbi) au baada yake. Ampu za Mesa/Boogie za mfululizo wa Mark zinaziweka kabla: besi ikiwa juu inaingia kwenye distosheni na noti zinageuka tope, ndiyo maana wenye nazo huiacha karibu na sifuri. Zile za mtindo wa Marshall ziko baada.

Prezensi, nobu ya ukali wa sauti za juu kabisa, usiipangie chaneli moja. Kwenye ampu nyingi iko sehemu ya nguvu na inagusa zote kwa pamoja.

Jambo moja zaidi, na hili nakusihi ulifanye leo. Spika ya inchi 12 inatupa trebo mbele kama tochi. Ampu ikiwa sakafuni, wewe unasikia kwa magoti. Siku niliyopiga magoti hatua mbili mbele ya ampu yangu, sikio usawa wa spika, nilisikia sauti kama karatasi ngumu inayochanwa taratibu, kila noti na mchano wake. Waliokaa mbele yetu walikuwa wanapokea hicho miezi yote. Nilishusha trebo kutoka 7 hadi 4 nikiwa bado chini.

Lupu_na_Dilei

Nakubaliana na dada. Nyongeza: kama unahitaji solo ipande zaidi, pedali ya kuongeza sauti iweke kwenye lupu ya efekti (matundu ya nyuma ya ampu, baada ya distosheni), si mbele ya ampu. Mbele, geini ikiwa tayari imejaa, itakupa distosheni zaidi na sauti ileile. Kwenye lupu inapandisha sauti yenyewe.

Mbele weka pedali ya ovadraivu kama Ibanez TS9, draivu (geini yake) karibu na sifuri, leveli juu. Inapunguza besi kabla haijafika kwenye ampu, noti zinakaza.

DadaRithimu

Sawa, ila apange ampu tupu kwanza. Pedali ikiingia mapema hatajua kipi kimetibu.

NyuziSita

Nimerudi kutoka mazoezini. Nimefuata mpangilio wa dada, sikuchomeka pedali hata moja. Solo sasa: geini 5, besi 3, midi 7, trebo 4. Kranchi geini 3 tu, na nikishusha volyumu ya gitaa hadi 6 inakaribia kuwa klini, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye ampu hii.

Nikiwa peke yangu sauti hii ni kavu, nusura niirudishe. Dramu zilipoingia ikakaa mahali pake. Nilivuta noti ya juu uzi wa pili, nikaisikia ikipanda hadi mwisho, na mpiga besi akaniangalia akitabasamu. Magoti nilipiga pia. Karatasi ipo kweli!

Swali lililobaki: klini imekuwa na kiza kidogo. Prezensi iko 4. Niipandishe?

DadaRithimu

Hapana, utairudisha karatasi kwenye solo. Pandisha trebo ya klini peke yake, nusu namba kwa wakati, bendi ikiwa inapiga. Halafu bandika plasta nyeupe juu ya nobu zote na uweke alama kwa kalamu kabla hujaizima. Ukishaibeba kwenye gari, nobu zitakuwa zimezunguka.