Mrejesho: vile vipakiti kwenye soksi za kijana wangu

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri baada ya kukuta vipakiti vitupu kwenye soksi za mwanangu wa kidato cha tatu, karudi likizo kutoka bweni. Wengi mlisema bangi, wengine nimcharaze.

Sikumpiga. Nilimpeleka shamba Muheza tukapalilia mihogo. Siku ya tatu akafunguka mwenyewe: ni kuberi. Tumbaku kabisa hiyo, ila wao wanaambiana ni ya kuburudisha kinywa. Unabana chini ya mdomo, kichwa kinazunguka, usingizi wa prepo unakata. Akanifunulia mdomo, fizi ya chini imebabuka, nyeupe kama imemwagiwa maji moto. Na anayewauzia ni muuza maandazi wa getini, yule yule niliyekuwa namwachia hela amlishe mwanangu!

Wenzake wawili wameshahamia skanka, ile bangi kali zaidi. Kwa hilo nimepiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Wiki ya kwanza bila kuberi alikuwa mkali kama nyigu, hapati usingizi. Jana kaomba ugali mara mbili. Alhamisi tunaenda kwa daktari wa meno.