Wauza kimea cha kristali, acheni kutuuzia shayiri ya kukaanga!

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia.

Sisi tunaopika bia nyumbani huku Mbeya karibu kila kitu tunaagiza Dar. Kimea, hamira, hopsi (maua ya kuipa bia uchungu), vyote vinapanda basi, vinapita Mikumi, Iringa, Makambako, unaenda kuvipokea stendi ya Nane Nane, na hela ya mzigo umelipa wewe. Ukipigwa, kurudisha ni gharama nyingine. Wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanatuchezea.

Niliagiza kimea cha kristali chepesi, Lovibond 20 (Lovibond ni kipimo cha rangi ya kimea). Mfuko umeandikwa hivyo hivyo kwa maka peni. Rangi dhahabu safi, sikatai. Nikakiloweka kwenye maji ya nyuzi 68 kwa nusu saa, kawaida yetu tunaotumia kimea cha rojo cha kopo, yaani sharubati nzito ya kimea iliyokwisha kutengenezwa kiwandani. Maji yalitakiwa yatoke ya dhahabu na matamu. Yakatoka meupe meupe, ladha ya unga! Nikachukua punje kavu, nikaikata kwa wembe: ndani nyeupe, inamwaga vumbi. Kristali ya kweli ukiikata inang'aa kama kioo, ukiitafuna inagoma kwanza, utamu unakuja baadaye. Sikuishia hapo. Tone la yale maji kwenye kisosi cheupe, likishapoa, juu yake iodini ya duka la dawa. Bluu nyeusi. Wanga mtupu.

Nampigia muuzaji, ananiambia, "Kaka, kimea ni kimea, si rangi inafanana? Kama hakikolei ongeza, weka hata kilo."

Kilo kwenye lita 20! Hata kingekuwa cha kweli, gramu 300 zinatosha kabisa. Na nani kamwambia tunanunua rangi? Shayiri ya kristali ikishaota haikaushwi kwanza. Inapashwa moto ikiwa bado mbichi na unyevu wake, nyuzi 65 hivi, wanga unageuka sukari humo humo ndani ya ganda, ndipo inaokwa kwa moto mkali na ile sukari inagandana. Sehemu ya sukari hiyo hamira haiiwezi, inabaki kwenye bia, inaipa uzito mdomoni na utamu kidogo. Ndiyo maana kuloweka tu kunatosha. Hiki cha kwake kimekaushwa, kikakaangwa, basi. Wanga wake bado upo, unahitaji vimeng'enya vya kimea cha kawaida kuugeuza, na kwenye kopo la rojo vimeng'enya hakuna. Sasa nina ndoo nzima ya bia yenye ukungu, nyepesi, na kopo lenyewe mnajua bei yake.

Hebu ampelekee mama wa komoni, ile pombe ya kienyeji, hapa Mwanjelwa kimea cha ulezi ambacho hakijaota vizuri. Atatafuna punje mbili tu, mzigo unarudi na matusi juu. Sisi kwa sababu tunanunua kwa picha ya WhatsApp, tunaonekana mazuzu.

Jina la duka sitaji, wasimamizi msifute uzi. Mwenyewe yumo humu na anasoma. Hela yangu naitaka, na ya basi pia. Mdau wa Iringa au Njombe anayepata kristali ya kweli anicheki pembeni tuagize pamoja, ila kabla ya kulipa tutaomba picha ya punje iliyokatwa.