Wingu la pointi likae kwenye fremu ipi: ITRF, datamu ya nchi, au "WGS84" tu?

mkanda3
Wakuu, droni ya lida (skana ya leza inayotoa wingu la pointi), besi moja (kipokezi cha GPS kilichotulia ardhini), trajektori (njia ya droni) kwa PPK, yaani GPS ya droni husahihishwa kwa data ya besi baada ya kuruka. Viwianishi vya besi vinatoka PPP (hesabu ya mahali bila kituo kingine cha jirani), saa 4 za kurekodi. Mteja ana beikoni (alama za upimaji) za zamani na anataka kontua. Njia ni tatu: (1) ITRF2020 (fremu ya viwianishi ya dunia nzima) ya siku ya kuruka, (2) datamu ya nchi (fremu rasmi ya nchi), (3) kuandika WGS84/UTM basi. Ipi haitanirudia?

beikoni_kuu
Ya tatu itupe. WGS84 ya EPSG:4326 (namba yake kwenye orodha ya EPSG ya mifumo ya viwianishi), pamoja na kanda za UTM zinazoitegemea, ni kapu la matoleo mengi, na EPSG wenyewe wanalitajia usahihi wa mita 2. Lida yako ni ya sentimita chache!

Bamba la Australia husogea kama sentimita 7 kwa mwaka. Ndiyo maana alama ileile ina tofauti ya karibu mita 1.8 kati ya GDA94 na GDA2020, datamu mbili za nchi hiyo. PPP inakupa ITRF2020 kwa epoki (tarehe ya viwianishi) ya siku uliyorekodi, beikoni zina epoki yake. Ukizichanganya, programu hailalamiki.

Chakata kwenye 1, kabidhi kwenye 2. Ripoti itaje fremu na epoki, mfano ITRF2020, epoki 2025.37.

jioidi
Naunga mkono, ila kazi nyingi huharibikia kwenye wima. PPK hutoa h, urefu wa juu ya elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu); kontua zinataka mwinuko H = h − N, ambapo N ni kimo cha jioidi (uso wa usawa wa bahari) juu ya elipsoidi. N huanzia kama −106 m kusini mwa India hadi +85 m upande wa New Guinea, kwa hiyo ukisahau, utaliona mara moja. Hatari ni kosa dogo: EGM2008 (modeli ya jioidi ya dunia) na bencimaki za nchi (alama za mwinuko) huweza kupishana kwa desimita. Rekodi juu ya bencimaki zisizopungua 4 kuzunguka eneo, utoe tofauti. Ikiwa sawa kote, sahihisha kwa namba moja. Ikiinama upande mmoja, weka bapa lenye mwinamo.

Kabla ya PDAL (programu ya kuchakata mawingu ya pointi), endesha amri hii ya PROJ, programu ya kubadili viwianishi:

`projinfo -s EPSG:4979 -t EPSG:4326+3855 --summary`

Ikisema gridi (faili la thamani za N) haipo, ipakue kwa projsync. Bila gridi, PROJ inaweza kuacha mwinuko vilevile, kimya kimya.

mkanda3
Shukrani. Tofauti ikibaki baada ya hapo, nitajuaje kama ni datamu au ni skana?

pembe_ndogo
Tazama umbo la kosa. Likiwa sawa eneo zima, shuku besi: fremu, au urefu wa antena uliopimwa mahali pasipo ARP (pointi rasmi ya kupimia antena). Likigeuka kati ya njia mbili za kuruka zinazopishana kwa mwelekeo tofauti, ni pembe kati ya skana na IMU (kihisi cha mwelekeo na mwendo). Nyuzi 0.01 ni sentimita 1.7 kwa mita 100, lakini 17 kwa mita 1000. Linganisha mapaa yenye mteremko. Uwanja tambarare hauonyeshi kosa la mlalo.

Usisogeze wingu zima kwa wastani wa beikoni kabla ya kipimo hicho, utaficha kosa la pembe. Na beikoni ulizotumia kusahihisha usizihesabu tena kwenye ukaguzi. Kiwango cha usahihi cha ASPRS (chama cha upimaji kwa picha cha Marekani), toleo la 2, kinataka vituo 30 vya kukagulia.

jioidi
Nyongeza: LAS (faili la wingu la pointi) huhifadhi namba kamili, ambazo huzidishwa kwa skeli wakati wa kusomwa. Ukihamishia kwenye digrii na skeli ikabaki 0.01, pointi zitajipanga kila kilomita 1.1. Weka 1e-8 kwa X na Y, 0.001 kwa Z.